Akina Khatib wa Kitabu cha Simu

Sisi tuliokulia London zile siku simu ikiwa na waya, ikikaa ukumbini juu ya kitambaa cha kufuma kama mgeni wa heshima, tulijifunza jambo moja ambalo wanangu hawalijui: kusubiri. Tulisubiri basi bila ya kuambiwa limefika wapi, tumejibanza kibandani na upepo unapita mpaka kwenye meno. Tulisubiri wiki nzima picha zirudi kutoka dukani, halafu tukakuta baba kapigwa nusu kichwa. Siku hizi binti yangu Amina akiandika ujumbe asijibiwe kwa dakika mbili, anasema amedharauliwa. Namwambia, mwanangu, bibi yangu alisubiri jawabu ya swali moja mpaka akaingia kaburini, na hata siku moja hakusema amedharauliwa.

Tulikaa Lewisham, fleti ya halmashauri, ghorofa ya tatu, ukuta wa chumbani ukitoa ukungu mweusi kila baridi na mama akiupangusa kwa siki. Nje London, ndani Unguja ya kusini. Mama alinunua muhogo sokoni, ule uliopakwa nta kama mshumaa, akaumenya huku akiulaani, akaupika kwa nazi ya kopo. Jumamosi tulikwenda chuoni, sebuleni kwa mwalimu wetu wa Kurani, viatu vimejaa mpaka kwenye ngazi. Bakora yake aliiweka juu ya kabati kwa kuogopa sheria za Waingereza, lakini alikuwa akiitupia jicho, na lile jicho lilitutosha. Skuli tulilishwa keki iliyomwagiwa uji wa njano, tukaambiwa hiyo ndiyo raha. Majani yakianza kuanguka tuliokota zile kokwa za kahawia chini ya miti ya mtaani, tukazitoboa kwa msumari, tukazitia uzi na kuzipiganisha mpaka vidole vikavimba. Watoto wa leo wanavimba dole gumba tu, kwa kusugua kioo.

Jina langu ni Khatib. Baba yangu ni Salum, na babu yangu mzaa baba alikuwa Khatib vilevile, kwa kuwa kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake ili lisife. Jina la ukoo hatukuwa nalo. Mtu ni yeye, baba yake na babu yake, basi. Afisa wa uwanja wa ndege alipomwuliza baba jina la ukoo, baba akamweleza hayo kwa utaratibu, na yule afisa, mwenye foleni ndefu mbele yake, akachukua jina la mwisho akaandika. Skuli na ofisini wakaliacha la katikati. Hivyo mimi, Khatib Salum Khatib, nikawa Khatib Khatib. Darasani walicheka mpaka mwalimu akapiga meza. Baba aliniambia nisishughulike. Alisema, "Wewe umepewa mara mbili. Likipotea moja, lipo jengine."

Baba naye akawa Salum Khatib, na jambo hilo lilimfurahisha kwa sababu moja. Alikuwa na kaka yake, ami yangu Masoud, aliyepanda meli ya mizigo kama baharia kabla mimi sijazaliwa. Barua yake ya mwisho ilisema yuko London na kwamba ataandika anwani akishatulia. Hakuandika tena. Baba alipokuja Uingereza alimwahidi mama yake, Bi Zuhura, kwamba atamtafuta ndugu yake mpaka amwone. Na kila baada ya miezi bibi alitutumia kaseti, sauti yake ikitokea ndani ya kelele za kuku, akitusalimia mmoja mmoja, na mwisho akiuliza neno lile lile: "Mmeonana?" Baba alikuwa akiizima kaseti hapo. Sasa, kama Waingereza wamemfanya yeye Khatib, bila ya shaka na Masoud wamemfanya Khatib, na watu wote wenye jina hilo walikuwa wameandikwa kwenye kitabu cha simu.

Basi kila Jumapili baada ya chakula cha mchana tulikaa ukumbini, baba na penseli yake nyekundu, mimi na simu, kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa kimeshakishinda chake. Nilizungusha namba, nikasema maneno tuliyoyapanga: samahani kwa usumbufu, tunamtafuta Masoud, mtu wa Unguja, baharia. Wengi walikuwa waungwana. Mmoja alikuwa mwalimu kutoka Palestina, mwengine fundi cherehani wa Bombay, mwengine Msudani mwenye sauti nzito aliyetaka kwanza kujua baba yangu mzima na mama yangu mzima. Yupo aliyekuwa na duka la dawa Glasgow, akatuombea dua kwenye simu mpaka baba akafuta macho. Miji mingine tuliisaka maktaba, ambako vitabu vya simu vya nchi nzima vilipangwa rafu moja. Baba alichora Uingereza kwenye karatasi ya daftari langu, akatia nukta kila alipo Khatib: Birmingham nyingi, Manchester, Bradford, chache Cardiff bandarini, na London mpaka karatasi ikatoboka.

Fundi wa Bombay ndiye aliyetufahamisha. Khatib, alisema, ni yule anayepanda mimbari siku ya Ijumaa kusoma hotuba. Baba alilijua hilo, babu yake babu alishika upanga wa mbao juu ya mimbari ya msikiti wa kijijini kwetu. Lakini hakuwahi kulifikiria mpaka mwisho wake. Kila msikiti wa dunia ulikuwa na khatib wake, na kila khatib alikuwa na watoto waliobaki na jina la kazi ya baba yao, na wote hao, wasio na damu moja wala lugha moja, walikuja kukutana katika ukurasa mmoja wa kitabu cha simu cha Waingereza. Baba alipoielewa hesabu hiyo aliona unyonge. Alidhani anatafuta jamaa, kumbe anatafuta kazi ya watu. Hata hivyo Jumapili iliyofuata akachonga penseli.

Nilikuwa na miaka tisa mambo yalipoanza kuwa si ya kawaida. Lilianza maktaba. Nilitaka kitabu cha nyangumi. Mtunza maktaba, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, akatafuta kwenye droo yake ya kadi, akaniambia kwa upole kwamba kitabu hicho ninacho nyumbani. Nikamwambia sinacho. Akanionesha kadi: Khatib Khatib, tarehe ya wiki iliyopita. Nikarudi mikono mitupu. Wiki ya pili nikataka cha volkano, nacho nilikuwa nimeshakichukua. Ikawa hivyo mwezi mzima, kila kitabu nilichokitamani nilikuwa nimeshakiazima. Hatimaye cha nyangumi kikarudi, nikakipata. Nilikifungua nikiwa juu ya basi, na nikaona pembe za kurasa zimekunjwa pale pale ambapo ningezikunja mimi. Sikukimaliza kukisoma.

Halafu sokoni. Palikuwa na Mwingereza mmoja muuza matunda, mwenye kofia ya sufu, ambaye nilikuwa nikipita mbele yake bila ya kusemeshwa. Siku hiyo akanipa tufaha na kuniuliza miguu yangu inaendeleaje. Nilitazama miguu yangu. Nilimwambia inaendelea vizuri. Akasema ashukuriwe Mungu, maana juzi nilipopita na mama yangu ilikuwa imevimba kama mikate. Lile tufaha nililitia kwenye pipa la taka mbele ya mlango wetu, nikapanda ngazi mbio.

Mama alikuwa anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikatiza, jambo ambalo hakuwa na tabia nalo, kisha akaweka sinia chini. Akaniuliza kama huyo mtu nimemwona. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nimewahi kuisikia sauti yake. Nikasema hapana. Akaniambia, kwa sauti ya chini na mkono wake juu ya utosi wangu, "Jina likiitwa mara mbili, huitikiwa na wawili. Ukisikia unaitwa, usiitike mpaka ifike mara ya tatu." Akachoma ubani vyumba vyote, moshi ukatoka madirishani, na jirani wa mlango wa pili akawaita watu wa zimamoto. Baba alicheka wiki nzima. Kwake yeye hayo yalikuwa makosa ya karatasi tu, Waingereza hawayawezi majina ya watu.

Nilishika amri ya mama. Mwalimu akiita majina asubuhi nilinyamaza mara mbili, na katika zile nukta mbili za kimya nilikuwa nikitazama mlango. Nilianza kuogopa vioo vya madukani. Nikipita mbele ya kioo nilikaza mwendo ghafla, nione kama yule wa ndani atachelewa. Leo watoto wanalipa kiingilio watishwe katika sinema, na wanakula bisi huku wanatetemeka. Mimi nilitetemeka bure, na sikuwa na hamu ya kula.

Kisha ikaja barua ya kaki. Ilitoka kliniki moja ya watoto, ambayo zamani sana imevunjwa na pamejengwa fleti za watu wenye uwezo. Nilimsomea baba: Khatib Khatib aletwe Jumanne kwa uchunguzi wa damu na kuangaliwa maendeleo yake. Nikasema mimi siumwi. Hapa lazima nifahamishe kitu kwa vijana, maana hawatatuelewa. Wazee wetu walikuwa wageni waliohesabu kila siku ya kukaa kwao kuwa ni hisani. Barua yenye muhuri haikuulizwa, iliitikiwa. Baba alisema, "Tuko kwa watu. Wamekuita, nenda. Wao ndio wanaojua wanachokitaka." Mama akanivisha nguo za Idi, tukaenda.

Ukumbi ule ulikuwa na mabata waliochorwa ukutani na harufu ya dawa ya sakafu. Muuguzi akatoka na faili, akaita. Nikashika kiti. Akaita tena. Nilitazama mlango wa kuingilia, na moyo wangu ukaniambia safari hii atatokea. Hakutokea mtu. Alipoita mara ya tatu mama akanisukuma begani, nikasimama.

Muuguzi alinitazama, akaufungua uso kwa furaha. Alisema, ala, Khatib, hebu jione. Akaniketisha juu ya kitanda, akanivua soksi, akabonyeza kifundo cha mguu wangu kwa dole gumba, akaliondoa, akasubiri. Ngozi ikarudi. Akabonyeza tena kama haamini. Akamwita daktari, naye akabonyeza. Walitazamana kama watu waliopata habari njema. Daktari akamgeukia mama akamwuliza kama mtoto analala vizuri, mama akasema "yes." Kama anakwenda haja ndogo vizuri. "Yes." Kama dawa anazinywa kila siku. "Yes." Hilo ndilo lilikuwa neno lake la Kiingereza, na alilinyunyizia kila swali kama chumvi. Hata swali la tarehe ya kuzaliwa lilijibiwa hivyo hivyo, na daktari akacheka, akaendelea kuandika.

Mimi Kiingereza nilikijua. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa nyumba yetu, niliyezungumza na watu wazima wa Glasgow na Cardiff kila Jumapili. Nilijua vizuri kwamba dawa hizo sikuwahi kuziona, na kwamba ugonjwa ninaopongezwa kwa kuupona sikuwahi kuugua. Nilinyamaza. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa nasifiwa, na kwa kuwa niliogopa kwamba nikisema siye, watauliza yuko wapi basi huyo mwenyewe, na atakuja. Hili sijapata kulieleza popote. Wakanichoma sindano, damu ikajaa kichupa, wakanipa beji ya simba kwa ushujaa wangu. Baada ya siku chache ikaja barua ya pili kusema damu safi, maendeleo mazuri sana, hapana haja ya kurudi. Baba aliitembeza msikitini. Alikuwa akisema, mwanangu kapimwa na serikali.

Majira ya baridi yalipokaribia kwisha, kila kitu kikaacha kama kilivyoanza. Nilikwenda maktaba, nikataka kitabu cha sayari, kikawepo. Nikataka cha papa, kikawepo. Hapakuwa tena na aliyenitangulia. Sokoni, yule muuza matunda aliniona nakuja na mkono wake ukabaki juu ya mizani. Alinitazama muda mrefu, uso umemwisha damu. Akavua kofia yake, akageuka, akaanza kupanga viazi ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Mama nilipomhadithia alifunga macho, akashukuru. Akasema, "Kaondoka." Akakanda unga, akapika visheti sinia zima, akavigawa sadaka kwa majirani ghorofa zote tatu, hata kwa wapitao ngazini, kwa kuwa mwanawe kaachwa huru. Mimi nilikula mpaka nikaumwa na tumbo.

Miaka ikapita kwa namna yake. Bibi alikufa, na kaseti yake ya mwisho iliuliza neno lile lile. Vitabu vya simu viliacha kuletwa milangoni, na baba akabaki na kile cha mwisho, kila Khatib kakatwa kwa mstari mwekundu. Mama naye akatangulia mbele ya haki. Mimi nikaoa, nikazaa, na baba nikamchukua nyumbani kwangu, hapa hapa Lewisham. Macho yake yamekwisha lakini masikio yanasikia mpaka chungu kinachochemka kwa jirani. Kila nikirudi kazini huniuliza habari za ndugu yake, kama mtu anayeuliza hali ya hewa.

Mwaka jana, mchana wa Jumapili, Amina alinijia na simu yake. "Baba, look, we're everywhere," aliniambia. Alikuwa amefungua ramani ya Uingereza, ameandika jina letu, na nchi imejaa rangi: nzito London, kisha Birmingham, Manchester, Bradford, nyepesi nyepesi mpaka Uskochi. Chini yake pameelezwa asili ya jina, Kiarabu, msomaji wa hotuba, na nchi walikotoka wenyewe. Akanisomea polepole, kwa huruma, kama vile sikuwa najua. Kazi iliyomla baba yangu Jumapili za miaka kumi na moja, mtoto huyu aliimaliza chai haijapoa, na bado akalalamika kwamba mtandao wetu mzito. Nikamwambia aulize humo humo kama kuna Khatib wa Unguja aliyekuwa baharia. Nilisema kwa mzaha. Baada ya siku sita akajibiwa na mwanamke wa Croydon. Baba yake alikuwa Masoud, mtu wa Unguja, amefariki miaka miwili nyuma. Yeye mwenyewe anaitwa Zuhura, jina la bibi yetu, na mimi sikuhitaji ushahidi mwengine.

Tulikutana Croydon, mkahawa mdogo karibu na kituo cha tramu, si mbali na lile jengo la uhamiaji ambalo nusu ya watu wetu wamewahi kupanga foleni kutafuta karatasi. Alikuwa mrefu, mama yake Mwingereza. Alikuwa na maneno matatu tu ya Kiswahili, na la kwanza alilonipa lilikuwa shikamoo. Mengine yote alisema kwa Kiingereza, nami nayafasiri. Kabla kahawa haijaja alifungua mkoba akaweka picha mezani. Nilishangaa ameipata wapi picha yangu. Kisha nikaiona fulana ya sufu, ambayo sikuwahi kuwa nayo, na miguu iliyojaa mpaka viatu havifungiki kamba.

Alikuwa kaka yake. Mtoto wa kwanza wa Masoud, kwa hiyo Khatib. Walikaa vituo vinne vya basi kutoka kwetu. Aliumwa na figo, na kila mwezi kliniki ilikuwa ikituma barua aende kupimwa damu, na baba yake ndiye aliyekuwa akimpeleka. Mwezi mmoja barua haikufika. Mama yake akaenda kuuliza, akaambiwa Khatib ameshakuja, damu yake safi, wasimpe dawa tena. Alibisha kidogo, akaoneshwa maandishi ya daktari. Akarudi nyumbani, wakamshukuru Mungu. Khatib alikufa kabla ya baridi kwisha. Zuhura alikuwa na miaka minne, na anachokikumbuka ni vitabu vya maktaba, baba yake akivibeba kwenda kuvirudisha.

Baada ya mazishi Masoud alikwenda kliniki kusema kwamba mwanawe hakufika Jumanne ile. Wakamwonesha faili: alifika na mama yake, amevaa kanzu na kofia ya kushona. Akarudi nyumbani, akakaa, akamwambia mkewe kwamba katika mji huu yuko Khatib Khatib mwengine, na aliyemzaa ni mtu mmoja tu duniani. Akalitafuta jina la baba yangu kwenye kitabu cha simu, akaipata anwani, akaja. Alipanda ngazi zetu. Alipofika ghorofa ya pili alikutana na mwanamke wa kwao, kajifunga kanga, kachangamka, anagawa visheti. Akampa vitatu ndani ya karatasi. Masoud alisema hakuwa ameonja visheti kwa miaka ishirini. Alivishika, akageuka, akashuka.

Hakurudi tena mlangoni. Simu ya nyumba yao tangu mwanzo iliandikwa kwa jina la kwao mkewe, na aliiacha hivyo mpaka anakufa. Lakini kila mwaka, siku aliyozaliwa Khatib wake, alikwenda kusimama nje ya skuli yangu wakati wa kutoka watoto, akarudi nyumbani akamwambia mkewe, leo Khatib karefuka, leo Khatib kaanza kuota ndevu. Mkewe alimkataza, na yeye hakuacha. Zuhura aliahidi kutotutafuta baba yake akiwa hai, kwa sababu Masoud alikuwa akimwambia, "Ndugu yangu akijua, atakufa akiwa hai."

Nikamwambia kwamba siku ile nilijua Kiingereza. Nikamweleza kila kitu, kibonyezo cha mguu, beji ya simba, hofu yangu, kila kitu. Tramu mbili zilipita nje. "Ulikuwa na miaka tisa," alisema mwisho. Aliichukua picha mezani, akairudisha mkobani, nami sikuthubutu kumwomba aniachie.

Enzi zetu watu walitafutana nusu ya umri wao, kwa penseli na kwa kaseti, na wangeweza kukaa vituo vinne vya basi wasionane. Hawa wa sasa wanaonana kabla hawajatafutana. Nawacheka, ndiyo, lakini wivu ninao. Katika wakati wao yule muuguzi angebonyeza kitufe, namba mbili zingejitokeza, na watoto wawili wangeketi ukumbini chini ya mabata wakitazamana kwa haya, na mama mmoja angemwuliza mwenzake mumewe mtu wa wapi. Bibi angepata jawabu yake. Hayo ndiyo ninayoyakosa ninapowasikia wenzangu wakisifu siku za zamani.

Niliporudi kutoka Croydon nilimkuta baba amekaa dirishani, uso kaupeleka kwenye jua dogo la saa tisa. Nikakaa karibu yake, nikamwambia nimempata ami Masoud, na kwamba ameshatangulia. Alisoma inna lillahi, akarudia mara kadhaa. Machozi yalimtoka kidogo, akayaacha. Akataka kujua kama alizikwa vizuri, nikamwambia ndiyo. Akataka kujua kama alikuwa akitutaja, nikamwambia kila mwaka.

"Kazaa?"

"Kazaa binti. Anaitwa Zuhura."

Akatabasamu kwa jina la mama yake. Akalisema mwenyewe, polepole. Halafu akanigeukia, na macho yake yasiyoona yakawa juu ya uso wangu kabisa.

"Na mwana wa kiume?"

"Hakujaliwa," nikasema.

Baba alitikisa kichwa, akanitafuta mkono, akaupata, akaubana ndani ya mikono yake miwili. Akasema, "Basi jina la mzee umebaki nalo wewe peke yako."

Nikamwambia ndiyo, baba, nimebaki nalo mimi.